Nani Alichonga Jiwe Hili?

Kati ya Embu na Meru kuna hospitali mbili zenye jina moja, Consolata: moja Kyeni, nyingine Nkubu. Tumelitamka hadi limekuwa letu. Asili yake ni kanisa la Torino, Italia, ambalo Guarino Guarini alilisanifu upya kuanzia 1678. Mkuu wa kanisa hilo, padri Giuseppe Allamano, ndiye aliyeanzisha shirika la wamisionari mwaka 1901. Mwaka uliofuata walifika Tuthu, Murang'a, kisha wakauzunguka Mlima Kenya hadi kwetu.

Torino inaringia majengo yake, na ina haki. Ila mimi sizionei wivu kuba zake. Mwaka 1863 Alessandro Antonelli alianza kuwajengea Wayahudi sinagogi; kila mara akaongeza kimo, gharama zikawashinda wenyewe, manispaa ikalichukua. Alifariki 1888, mwaka mmoja kabla ya jengo kukamilika. Leo lina mita 167, ndani ni makumbusho ya sinema, na linaitwa Mole Antonelliana. Fundi msumbufu namna hiyo, na bado jengo linabeba jina lake!

Shule niliyosomea, huku kwetu, ina ukuta wa mawe ya kuchonga. Sogea karibu uone alama za tindo: jiwe moja lina mikwaruzo mifupi iliyobanana, la pembeni yake ni mirefu, ya mshazari. Mikono miwili tofauti. Padri aliyeagiza kazi ana kibao cha marumaru. Waashi hawana hata herufi.

Bruda Giuseppe Argese, aliyetoa maji kutoka msitu wa Nyambene hadi Tuuru na kwingineko, tulimpa jina kabisa: Mukiri, mnyamavu. Waliochimba mitaro pamoja naye ni akina nani?

Mwenzangu kwenye meza ya uhariri ananipinga. Nyumba ya Mmeru, asema, ilijengwa na majirani wote, na hakuna aliyedai jina. Kweli. Lakini nyumba ile ilikuwa ya udongo na nyasi, na waliojenga walijuana. Kazi ya mawe ilikuwa ya mshahara, na anayelipwa huandikwa. Madaftari ya mishahara yamo kwenye makabati fulani, na kijana wa miaka 15 aliyebeba mchanga 1950 sasa amepita 90.

Jalada la nyuma la toleo hili lina picha ya ukuta ule wa shule. Chini yake tumeacha mistari miwili mitupu.