"Presha ni ya Ukoo" Si Jibu, Wasee

Kila tukienda matanga Bungoma, lazima mtu aseme: "Hii presha ni ya ukoo wetu." Halafu anaongeza chumvi kwa sahani. Hata hajaonja.

Nimechoka na hiyo sentensi. Kukhu alikuwa na presha. Mamangu anayo. Mjomba alipigwa na kiharusi akiwa na miaka 47, baada ya kuacha dawa kwa sababu "nimepona." Mimi nina 23. Mwezi uliopita nilipimwa kwa kemisti hapa Kitale: 142 kwa 91. Nimerudia mara mbili, bado iko juu. Na siumwi popote! Hivyo ndivyo inavyokuvizia.

Sikatai, damu inachangia. Mzazi akiwa nayo, wewe uko hatarini zaidi. Lakini skiza hii. Miaka ya 1980 watafiti waliwafuata Waluo waliotoka vijijini karibu na Ziwa Victoria wakahamia Nairobi. Matokeo yalichapishwa 1990. Ndani ya miezi tu, presha yao ilikuwa juu kuliko ya wenzao waliobaki nyumbani. Jeni hazibadiliki ukiwa kwa basi. Kilichobadilika ni maisha: chumvi iliongezeka, potasiamu ikapungua, uzito ukapanda.

Sasa tujiangalie. Jioni ni chips na smokie, na chumvi ya kunyunyiza juu. Kutoka stage hadi soko, boda. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isifike hata gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na hapo wamehesabu ile imejificha ndani ya smokie na mkate. Mrenda, saga, maharagwe na ndizi vina potasiamu na viko soko tele, lakini sisi tunaviita chakula cha wazee.

Usiniambie ni pesa. Kutembea ni bure. Kupunguza chumvi ni bure. Na kama daktari amekuandikia dawa, meza, hata ukijiskia fiti. Mboga haichukui nafasi ya dawa.

Ukoo ulinipa hatari, sawa. Lakini kile kijiko cha chumvi nakishika mimi, si kukhu.

Wewe ulipimwa lini mara ya mwisho?