Kitovu Kisichokauka si cha Kupakwa Majivu

Lukenya ni mahali pa masomo. Zipo shule, na Chuo Kikuu cha Daystar kina bewa lake huko. Hata hivyo, huko kama kwingineko nchini, somo la uzazi huishia mara nyingi pale kiungamwana kinapokatwa. Habari za kitovu huachiwa akina nyanya. Naona hilo ni kosa, na watoto ndio wanaoumia.

Kijusi kinapokua tumboni, kibofu chake cha mkojo huunganishwa na kitovu kwa mrija mwembamba ambao madaktari huuita urakasi. Kwa kawaida mrija huo huziba kabla ya mtoto kuzaliwa, ukabaki ugwe tu. Kwa watoto wachache hauzibi sawasawa. Ukibaki wazi wote, mkojo huvuja kitovuni. Ukiziba ncha zote mbili, katikati hufanyika kifuko cha majimaji ambacho huweza kukaa kimya miaka mingi, kisha kikatunga usaha, na mgonjwa akadhaniwa ana ugonjwa wa kidole-tumbo.

Sasa mtazame mzazi. Kigutu kimekwisha kuanguka, majuma yanapita, na nguo ya mtoto ingali chepechepe. Ataambiwa apake majivu. Majivu hayazibi mrija, bali hupeleka vijidudu penye mlango. Ni kweli kwamba vitovu vingi vibichi vina kinyama kidogo tu kinachotibika kwa urahisi, lakini nani atakayetofautisha mambo hayo mawili kwa kutazama tu? Daktari hupiga picha za mawimbi ya sauti. Pengine hutia kibofuni dawa inayoonekana kwa eksirei, ili ajue kama njia ya kawaida ya mkojo imezibwa, jambo linalowapata baadhi ya watoto wa kiume. Kuziba tundu la kitovu bila kufungua njia hiyo ni kumfungia mtoto mkojo ndani.

Wala nisidhaniwe nasema kila mtoto akatwe. Zamani wapasuaji wengi walikuwa wepesi wa kuondoa kila urakasi waliouona. Siku hizi mtoto wa chini ya miezi sita asiye na dalili mara nyingi huangaliwa tu, maana mabaki hayo huweza kutoweka yenyewe. Mwenye usaha hutolewa usaha huo na kupewa viuavijasumu kwanza. Upasuaji hungoja uchungu utulie. Hapo mrija wote huondolewa, pamoja na kipande kidogo cha kibofu unapoanzia, kwa kuwa yakibaki mabaki ugonjwa huweza kurudi, na ukubwani, ingawa kwa nadra sana, yakazuka saratani.

Lukenya iko kando ya barabara kuu ya Mombasa, hospitali kuu ya Machakos upande mmoja na ya Kenyatta, Nairobi, upande wa pili. Gharama ni kikwazo kwa kibarua wa machimbo ya mawe, wala silipuuzi hilo. Umbali, la hasha. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia mapema.

Mtu huyo aweza kuwa mwanafunzi mwenye ndugu mchanga nyumbani. Mwalimu achorapo kiungamwana ubaoni, na aongeze mstari mmoja kutoka kibofuni hadi kitovuni, kisha aseme wazi: kitovu kinachotoa majimaji baada ya kigutu kuanguka kionwe na daktari, na chenye wekundu, uvimbe au homa kipelekwe siku hiyo hiyo.