Mbio za ‘jua la kutengenezwa’: Ukuta unaotoa jasho, na madini yaliyo jirani yetu

Februari 12, 2025, mtambo wa utafiti wa WEST, kusini mwa Ufaransa, ulishikilia plazma kwa sekunde 1,337. Ni dakika 22 na ushee, muda ambao bodaboda asiye na haraka anatoka Tegeta na kufika Madale. Wiki chache kabla, mtambo wa EAST wa China ulikuwa umefikisha sekunde 1,066.

Watu walishangilia rekodi. Swali gumu likabaki palepale: kitu chenye joto la nyuzi milioni 50 unakiweka kwenye chombo gani kisiyeyuke?

Plazma ni nini hasa?

Pita kwenye karakana za mageti na grili pale Madale. Ule mwanga mkali ambao fundi anakukataza kuuangalia kwa macho makavu ni plazma, yaani gesi iliyopata moto hadi atomu zake zikapoteza elektroni. Ina maelfu ya nyuzi, wakati chuma kinayeyuka kwenye 1,538 tu.

Mitambo kama WEST inatafuta umeme kwa kuunganisha viini vya atomu, kama jua linavyofanya. Sumaku ndizo zinazoizuia plazma isiguse kuta. Lakini joto lazima litokee mahali, kama moshi kwenye dohani. Kwenye mtambo mkubwa wa ITER unaojengwa Ufaransa, sehemu hiyo itapigwa na megawati 10 hadi 20 kwa kila mita ya mraba. Megawati 10 ni sawa na pasi 10,000 za kilowati moja, zote zimeelekezwa kwenye eneo la meza ndogo.

Chaguo la sasa ni tungsteni, metali inayochelewa kuyeyuka kuliko zote (nyuzi 3,422). Shida yake ni kwamba ikipata nyufa au ikiyeyuka, hairudi ilivyokuwa.

Acha ukuta uchemke

Kuna wazo jingine, na aliyekulia kwenye kibatari atalielewa haraka. Utambi hauungui ovyo mradi mafuta ya taa yapo, kwa sababu kinachowaka ni mvuke wa mafuta. Mafuta yakiisha, ndipo utambi unateketea.

Watafiti wa taasisi ya DIFFER ya Uholanzi walifanya kitu cha aina hiyo kwa bati lililoyeyushwa. Hapa bati ni ile metali yenyewe, si mabati ya kuezekea, ambayo ni chuma kilichopakwa. Katika matokeo waliyochapisha 2016 na 2017, plazma ilipolipiga bati, bati likatoa mvuke ukatanda mbele yake kama wingu. Plazma ikakutana na wingu kwanza. Atomu za mvuke zikanyonya nishati na kuitawanya pande zote kama mwanga, hivyo ukuta ukapata joto pungufu.

Uzuri wake ni kwamba inajirekebisha. Moto ukizidi, mvuke unaongezeka na ngao inanenepa. Walipoongeza nguvu, joto la uso wa bati halikupanda sambamba nayo tena.

Kasoro zipo. Atomu za bati ni nzito, na zikipenya katikati ya plazma zinaipoza. Lithiamu ni nyepesi zaidi, lakini inanyonya fueli ya mtambo na ikikutana na maji ni hatari.

Sisi tunaingiaje hapa?

Angalia majina hayo matatu. Bati linachimbwa Kyerwa, Kagera, na huko Bisie, Kivu Kaskazini. Lithiamu ipo kwa wingi Manono, mkoa wa Tanganyika, Kongo. Tungsteni inatoka Nyakabingo, Rwanda. Machi 2025, M23 walipoelekea Walikale, mgodi wa Bisie ulisimama hadi Aprili, na soko la bati duniani likatikisika.

Tusidanganyane: mitambo hii bado haiuzi umeme, na anayekwambia utatajirika kesho kwa ajili yake anakuuzia ndoto. Bati la leo linaishia zaidi kwenye kulehemu vifaa kama simu uliyoshika. Lithiamu inaishia kwenye betri.

Lakini somo liko wazi. Ukuta wa plazma hautengenezwi kwa mawe yaliyotoka shimoni. Unataka metali iliyosafishwa vizuri, na bei nzuri iko kwenye usafishaji. Machi 2017 Serikali ilizuia mchanga wa madini kupelekwa nje, ikidai thamani ibaki nchini. Kwa mchimbaji mdogo wa Kyerwa, dai hilo litakuwa na maana siku bati lake litakapotoka hapa likiwa limeshayeyushwa na kusafishwa. La sivyo, tutauza mawe na kununua umeme.