Kamari Isimnyang'anye Mshabiki Furaha Yake

Mwezi Oktoba 2020, katika Uwanja wa Nelson Mandela mjini Sumbawanga, timu ya Tanzania Prisons iliifunga Simba bao 1-0. Simba ilikuwa bingwa wa nchi kwa misimu mitatu mfululizo. Prisons, timu ya askari magereza yenye asili yake Mbeya, ilikuwa ikiutumia uwanja huo wa Rukwa kama uwanja wake wa nyumbani katika msimu ule. Wakazi wa Ufipa, ambao wako zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam na ambao kwa miaka mingi walizijua timu kubwa zaidi kwa sauti ya redio, walishuhudia kwa macho yao mnyonge akimwangusha mwenye nguvu.

Kwa mpenzi wa mpira, hata yule wa Simba aliyeumia moyoni, siku kama hiyo ni ya kusimuliwa. Utamu wa mpira wa miguu umo katika jambo hilo hasa, kwamba mwenye jina hana hakika ya kushinda na asiye na jina hana sababu ya kukata tamaa kabla ya filimbi ya mwisho. Lakini kwa mtu aliyeingia uwanjani au aliyekaa mbele ya televisheni akiwa na dau mfukoni, bao lile halikuwa na utamu wowote. Kwake lilikuwa na maana moja tu: mkeka umechanika.

Watu hawa wawili walitazama mchezo mmoja, bao moja na dakika zile zile tisini. Mmoja aliuona mpira. Mwingine aliiona hesabu yake ikiharibika. Hatari ya matangazo ya kamari yaliyoizunguka michezo siku hizi ni kwamba kila mwaka yanamgeuza mtu wa kwanza kuwa mtu wa pili. Mara nyingi husemwa kwamba kamari humwibia kijana fedha, na jambo hilo ni kweli. Husemwa mara chache kwamba humwibia pia furaha ambayo hapo awali aliipata bila kulipa hata senti moja.

Nchi hii ilipounda Baraza la Michezo la Taifa kwa sheria ya mwaka 1967, michezo ilichukuliwa kuwa shughuli ya kujenga afya, umoja na heshima ya taifa. Katika miaka ya 1970 na 1980, mwananchi wa Laela, Matai au Namanyere aliufuata mpira kwa Radio Tanzania Dar es Salaam, akimsikiliza Ahmed Jongo na watangazaji wenzake. Mwaka 1979 Simba ilifungwa 4-0 nyumbani na Mufulira Wanderers ya Zambia, kisha ikaenda huko huko Zambia na kushinda 5-0. Wasikilizaji waliozizunguka redio zao siku hiyo hawakuwa wameahidiwa zawadi ya fedha na mtu yeyote. Walipata furaha ambayo wazee wanaisimulia hadi leo, na betri za redio ndizo zilizokuwa gharama yao.

Hali imebadilika. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliweka msingi wa biashara hii kusimamiwa na Bodi yake. Simu za mkononi na huduma za kutuma fedha zilipoenea, dau likawa jambo la kubofya vidole. Mwaka 2017 kampuni ya SportPesa iliingia mikataba ya udhamini na Simba na Yanga kwa pamoja, hata watani wa jadi wakapambana wakiwa wamebeba vifuani jina lile lile. Mwezi Julai mwaka huo huo kampuni hiyo iliileta Everton ya Uingereza, ikiwa na Wayne Rooney, kucheza na Gor Mahia ya Kenya katika Uwanja wa Taifa, ambao tangu 2020 unaitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa. Mwaka 2022 Simba ilitangaza mkataba mwingine, safari hii na M-Bet, wa miaka mitano na wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 26.

Fedha za namna hiyo hazitolewi kwa sababu ya kupenda mpira. Hutolewa ili jina la kampuni liingie machoni na masikioni mwa mshabiki kila anapogeuka. Jina liko kwenye jezi na kwenye mabango yaliyouzunguka uwanja. Mtangazaji hulitaja kabla ya mchezo, wakati wa mapumziko na baada ya mchezo. Mara nyingine badala ya kueleza jinsi kiungo anavyoucheza mpira, hueleza nani amepewa nafasi gani na kwa malipo gani. Wakati huo huo ujumbe unaingia katika simu ukiahidi bonasi. Picha zinazoonyeshwa ni za mshindi aliyeshika mfano wa hundi. Maelfu walioshindwa, ambao fedha zao ndizo zilizojaza hundi ile, hawapigwi picha.

Mtu akiingia leo katika kibanda umiza chochote, ataona matunda ya kampeni hiyo. Kijana anatazama kidogo mchezo ulio mbele yake, kisha anainamia simu kufuatilia matokeo ya nchi ambayo hajui hata mji wake mkuu. Hashangilii pasi nzuri. Anahesabu kona na kadi. Timu anayoipenda ikifunga bao la tatu, ananung'unika, kwa kuwa aliweka dau kwamba mabao hayatazidi mawili. Mapenzi ya timu, ambayo yalimfanya mtu avumilie miaka ya kufungwa, yanakuwa mapenzi ya tiketi inayokufa jioni ile ile.

Jambo la pili linaloharibika ni uaminifu. Zamani timu kubwa ilipofungwa na ndogo, watu walisema ndogo imecheza vizuri. Siku hizi sauti ya kwanza kusikika ni ile inayosema kwamba mchezo umeuzwa. Huenda katika michezo mingi tuhuma hiyo haina msingi hata kidogo. Lakini mahali ambapo kila bao limewekewa bei, shaka haikosi pa kuota. Mchezaji wa timu ndogo aliyetoka jasho la haki hunyimwa sifa yake, na mshabiki hunyimwa haki ya kuamini alichokiona.

Inafaa pia hesabu yenyewe ifanywe hadharani. Chukulia mfano wa mkeka wenye michezo kumi, na kila mchezo umechaguliwa kwa uangalifu kiasi kwamba timu iliyochaguliwa ina nafasi 70 kati ya 100 za kushinda. Mwenye mkeka huona kwamba amechagua timu za uhakika. Lakini nafasi ya zote kumi kushinda hupatikana kwa kuzidisha 0.7 kwa yenyewe mara kumi, na jibu ni chini ya nafasi 3 kati ya 100. Kama kampuni inalipa 1.35 kwa kila mchezo, dau la shilingi 1,000 litaleta takriban shilingi 20,100, kiasi ambacho humvutia sana kijana. Malipo yaliyo sawa na hatari aliyoibeba yangekuwa zaidi ya shilingi 35,000. Kwa wastani, katika kila shilingi 1,000 zinazowekwa kwa namna hiyo, kampuni hubaki na zaidi ya shilingi 400. Hayo si mambo ya bahati mbaya. Ndivyo biashara ilivyopangwa, na kadiri mkeka unavyorefushwa ndivyo fungu la kampuni linavyonenepa. Wahenga walikwisha kusema: cha mlevi huliwa na mgema.

Uwanda wa Ufipa haukujengwa kwa bahati nasibu. Wazee wa Kifipa walifukia majani ndani ya matuta ya mviringo waliyoyaita intumba, wakayaacha yaoze, kisha msimu uliofuata wakaitandaza rutuba ile na kupanda ulezi na mahindi. Ni kazi ya subira, na kwa kazi ya namna hiyo mkoa wa Rukwa ulipata sifa ya kuwa miongoni mwa mikoa michache inayoilisha nchi. Leo fedha ya gunia la mahindi lililouzwa Julai ndiyo inayotarajiwa kununua mbolea mvua zinapokaribia mwezi Novemba. Katikati ya miezi hiyo ligi zimeanza, na simu inalia kila siku ikimkumbusha mwenye fedha hiyo kwamba utajiri upo karibu. Kijana akizoeshwa kuamini hivyo, jembe litaonekana kwake kuwa adhabu.

Wako watakaosema kwamba bila fedha hizi timu zitakufa. Hoja hiyo haifai kupuuzwa. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2023, na Simba ikafika fainali ya kombe hilo hilo mwaka 2025. Safari na mishahara ya wachezaji hugharimu fedha nyingi, na Serikali nayo hupata kodi. Lakini lazima iulizwe fedha hizo zimetoka wapi. Zimetoka katika mifuko ya mashabiki wenyewe, zikapitia katika mirija ya makampuni, na sehemu ndogo ikarudishwa kwenye klabu kwa jina la hisani.

Tena klabu inayoegemea mti huu huegemea mti usio na mizizi. Mwaka 2019 Serikali ya Kenya ilikataa kuhuisha leseni za makampuni 27 ya kamari kwa ajili ya mgogoro wa kodi. SportPesa ikaondoa udhamini wake, na Gor Mahia na AFC Leopards, klabu zenye historia ndefu, zikaachwa zikihangaika. Klabu yenye wanachama wanaolipa ada, jezi zinazouzwa kihalali na wadhamini wa shughuli mbalimbali haiwezi kuangushwa na uamuzi wa kampuni moja.

Mataifa mengine yamekwisha kuchukua hatua. Italia ilipiga marufuku matangazo ya kamari kwa sheria ya mwaka 2018. Hispania ilitoa amri mwaka 2020 iliyoyabana matangazo hayo hadi saa za usiku wa manane na kuyaondoa kwenye jezi. Klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zilikubaliana Aprili 2023 kuyaondoa majina ya makampuni hayo mbele ya jezi za mechi msimu wa 2025/26 unapomalizika. Kenya nayo ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30 mwezi Aprili 2025. Nchi hizo hazikuua michezo yake.

Hapa nchini hatua za kuanzia hazihitaji fedha. Kwanza, matangazo ya kamari yasisikike wala kuonekana tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Mshabiki aachiwe dakika zake tisini. Pili, jezi za watoto zisiwe na majina ya makampuni hayo. Sheria inamkataza aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Basi haina maana mtoto wa darasa la nne atembee akiwa bango la jambo alilokatazwa. Tatu, halmashauri ziangalie kwa makini maduka ya kamari na mashine za sarafu zinawekwa wapi, hasa karibu na shule na stendi za mabasi. Nne, mtangazaji wa mpira atangaze mpira.

Lakini sheria peke yake haitoshi ikiwa wenye dhamana ya kuelimisha umma wamejaza mikeka mifukoni. Mwalimu anayejadili dau katika ofisi ya walimu huku wanafunzi wakimsikia dirishani amekwisha kufundisha somo ambalo halimo katika mtaala. Mtumishi wa umma anayekopa dhidi ya mshahara wake ili afidie Jumamosi iliyopita atakuja kuwa mtumishi asiyeaminika mbele ya fedha za wananchi. Walimu wa hesabu wanao mfano mzuri wa kufundishia uwezekano, nao ni mkeka wenyewe. Walimu wa michezo wanayo mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA, na watumishi wanayo ya SHIMIWI. Humo bado mtu hushangiliwa kwa kukimbia, kuruka na kufunga. Viwanja hivyo vilindwe na mabango ya kamari kwa wivu mkubwa, maana humo ndimo mshabiki wa kesho anapojifunza kuupenda mchezo kwa ajili ya mchezo.

Mpira wa miguu ni miongoni mwa starehe chache ambazo mkulima wa Kaengesa na mkurugenzi wa Dar es Salaam huweza kuzifurahia kwa usawa. Haiwi haki starehe hiyo iwekewe bei kila dakika na kuuzwa kwa wale wale walioijenga kwa sauti zao na viingilio vyao. Wenye mamlaka waweke mipaka, klabu zitafute njia za kujitegemea, na walimu na watumishi wa umma wawe wa kwanza kuuacha mkeka.