Nembo ni mali ya nani?

Mnamo Agosti 2025, kampuni moja ya Marekani inayomiliki mikahawa kandokando ya barabara kuu, Cracker Barrel, ilitangaza nembo mpya. Nembo ya zamani ilikuwa na picha ya mzee aliyeketi kitini akiegemea pipa. Ile mpya ilimwondoa mzee, ikaliondoa na pipa, ikabakisha jina tupu juu ya umbo la rangi ya manjano. Lililofuata lilikuwa zogo la aina yake. Wateja walifoka, bei ya hisa za kampuni ikashuka, wanasiasa wakajitosa ulingoni, na hata Rais Donald Trump akaitaka kampuni irudie nembo yake ya kale. Hazikupita siku kumi kabla ya mzee kurejeshwa kitini pake.

Msomaji ana haki ya kuuliza kilio cha Wamarekani juu ya mzee na pipa kinatuhusu nini sisi tulio mbali na mikahawa hiyo. Kinatuhusu, na hasa kinawahusu walimu na wanafunzi wa lugha, kwani kinagusa swali ambalo wanaisimu tumekuwa tukilizungumza kwa zaidi ya karne moja: ishara ni mali ya nani? Je, ni ya yule aliyeiunda, au ni ya wale wanaoitumia?

Ferdinand de Saussure, mtaalamu wa isimu kutoka Uswisi ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916, miaka mitatu baada ya kifo chake, alifunza mambo mawili ambayo kwa mtazamo wa kwanza yanapingana. La kwanza ni kwamba ishara ya lugha ni ya nasibu. Hakuna sababu ya kimaumbile inayomfanya mnyama abwekaye aitwe mbwa. Mfaransa humwita kwa sauti nyingine kabisa na mnyama hubweka vilevile. La pili ni kwamba, pamoja na unasibu huo, hakuna mtu mmoja awezaye kuamka asubuhi akaibadilisha ishara hiyo. Ishara haina sababu, na kwa hivyo hakuna hoja ya kuitetea wala ya kuipinga. Kinachoishikilia ni makubaliano ya jamii, na makubaliano hayo hayakutiwa saini na mtu yeyote.

Mkenya hahitaji kwenda Uswisi kulielewa jambo hili. Katika kura ya maamuzi ya Novemba 2005, Tume ya Uchaguzi iliwapa waliounga mkono rasimu ya katiba alama ya ndizi, na waliopinga ikawapa chungwa. Ilikuwa nasibu tupu. Lau tume ingegawa kinyume, hakuna ambaye angeona ajabu. Lakini jaribu, baada ya kampeni za miezi michache tu, kumwambia mfuasi wa chungwa kwamba tunda lake ni alama ya karani! Chungwa liligeuka vazi, wimbo na salamu, na hatimaye likazaa jina la chama, Orange Democratic Movement, ambacho kingali nasi. Tume ndiyo iliyoligawa tunda lile, wala haikuwa na uwezo wa kulirudisha ghalani.

Kwa hivyo sikubaliani na wanaodai kwamba umma unaopigia kelele nembo umekosa la kufanya. Hata hivyo, siafikiani na wale wanaoichukua kila kelele kuwa hukumu. Kelele ni za aina mbili, na tofauti yake yafaa kuchunguzwa kwa makini.

Tazama kisa cha sharubati ya Tropicana. Mnamo Januari 2009, kampuni ya PepsiCo ilibadilisha pakiti za sharubati hiyo ya machungwa nchini Marekani. Pakiti ya zamani ilikuwa na picha ya chungwa lililochomekwa mrija, ikawekwa mahali pake bilauri iliyojaa sharubati, na jina likageuzwa herufi na mwelekeo. Mwezi uliofuata kampuni ilitangaza kwamba itairejesha pakiti ya kale. Magazeti ya biashara yaliripoti kwamba kwa muda wa chini ya miezi miwili mauzo yalikuwa yameporomoka kwa takriban asilimia 20.

Sababu ya anguko hilo haikuwa mapenzi ya watu kwa mrija peke yake. Walimu wa fonolojia wataitambua mara moja. Tunapomfundisha mwanafunzi kuhusu fonimu, tunamwambia kwamba /p/ na /b/ hazina maana zenyewe. Kazi yake ni kupambanua. Ondoa tofauti hiyo ndogo, na aliyetaka kupata atapewa bata. Rafu ya duka kubwa ni mfumo wa aina hiyohiyo. Mnunuzi mwenye haraka, mtoto mmoja mkononi na mwingine akivuta sketi, hasomi maandishi kwenye pakiti. Jicho lake linatafuta tofauti. Chungwa lenye mrija ndilo lililokuwa likiitenga sharubati ile na nyingine zote. Bilauri ya sharubati haikutenga chochote, maana ni nani auzaye sharubati asiyeweza kuchora bilauri? Wengi waliolalamika walisema kwamba pakiti mpya ilifanana na bidhaa za bei nafuu zisizo na jina. Hayo si malalamiko ya kihisia. Ni maelezo sahihi ya mfumo uliopoteza kipambanuzi chake, yaliyotolewa na watu ambao huenda hawajawahi kulisikia neno fonimu.

Sasa litazame duka la nguo la Gap. Mwezi Oktoba 2010 liliweka nembo mpya badala ya ile ya herufi nyeupe ndani ya mraba wa buluu iliyokuwa imetumika kwa zaidi ya miaka 20. Watu walikasirika. Kampuni ikajaribu kuwatuliza kwa kuwaalika walete michoro yao wenyewe, na mwaliko huo ukaongeza dhihaka, hasa kutoka kwa wachoraji wa nembo ambao hawakupendezwa kuombwa kazi ya bure. Nembo mpya iliishi kwa takriban wiki moja, kisha ikazikwa. Hatutajua kamwe kama watu wangeizoea. Mauzo hayakupata nafasi ya kusema lolote. Zilisikika sauti za siku saba tu, na wakurugenzi wakatetemeka.

Nasema hivyo kwa sababu ya London. Mnamo Juni 2007, waandalizi wa Michezo ya Olimpiki ya 2012 walizindua nembo iliyogharimu pauni 400,000, yenye tarakimu za mwaka huo zilizokatwakatwa kama vipande vya bilauri iliyoanguka. Karibu watu 50,000 walitia saini ombi la kutaka ifutwe. Mwaka 2011 Iran ilidai kwamba tarakimu zile zinasomeka kama neno Zion, ikatishia kususia mashindano. Waandalizi hawakuibadilisha, wakaendelea na kazi yao. Wanariadha wa Iran walikuja, tiketi zikauzwa, na wakimbiaji wetu wakashindana chini ya nembo ileile. Mimi binafsi naiona mbaya hadi leo. Lakini ubaya haukuizuia kupambanua: hakuna aliyeichanganya na nembo nyingine yoyote duniani.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha mwaka 2015 matokeo ya jaribio linalochekesha. Waliwaomba wanafunzi 85 waichore kutoka akilini nembo ya kampuni ya Apple, lile tufaha lililong'atwa wanaloliona kila siku. Ni mmoja tu aliyeichora bila kosa. Mwalimu anayetaka kulihakikisha jambo hili kwa gharama ya karatasi na penseli anaweza kuwaomba wanafunzi wake wachore beji ya shule yao bila kuchungulia sweta. Tunaijua ishara kwa ujumla wake na kwa kazi yake, ilhali maelezo yake madogo hatuyajui. Ndiyo maana wanaolilia nembo aghalabu hushindwa kueleza ni nini hasa walichopoteza, wakadhaniwa kuwa wajinga. Mzungumzaji wa Kiswahili naye hawezi kueleza ngeli zake, na ajapo mgeni akazivuruga, atamsahihisha papo hapo.

Nyumbani tunao mfano ambao haukuleta kelele nyingi, na ukimya wake una somo. Kampuni ya simu iliyoanza huduma mwaka 2000 kwa jina la KenCell iligeuka Celtel mwaka 2004, ikawa Zain mwaka 2008, na Airtel mwaka 2010. Majina manne katika miaka kumi, kila jina na rangi zake, kila rangi na mabango yake. Kwa nini hatukupiga mayowe? Nadhani ni kwa sababu alama ambayo umma ulikuwa umeishika haikuguswa. Aliyekuwa na nambari inayoanza na 0733 alibaki nayo. Mama aliyeko kijijini alimpata mwanawe kwa nambari ileile, awe KenCell au awe Zain, na kwake yeye nambari ndiyo iliyokuwa jina. Wapo waliosema "Celtel" miaka mingi baada ya Celtel kutoweka, na wakaeleweka.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa kuwa nina wasiwasi ulio karibu zaidi na darasa kuliko mkahawa wa Marekani. Sisi wataalamu wa lugha tunayo mazoea yanayofanana mno na ya wakurugenzi wa Gap. Tunakutana ukumbini, tunaunda istilahi, tunazizindua, kisha tunashangaa kwa nini umma hauzitaki. Istilahi nyingine zimefaulu ajabu. Ukimwi, neno lililoundwa kutokana na upungufu wa kinga mwilini, lilienea likawa la kila mtu, hata wengi hawakumbuki tena kwamba ni kifupisho. Mtandao nalo lilipokea mzigo mpya bila kulalamika. Barua pepe nayo imejikita, japo imeili haijaondoka.

Kwa upande mwingine, tarakilishi imehubiriwa madarasani kwa miaka mingi, na mwanafunzi akitoka nje ya lango la shule anaenda kutumia kompyuta. Rununu imo vitabuni. Mkononi mwa watu mna simu. Runinga imepata kiti katika taarifa za habari, lakini jioni nyumbani mtoto huambiwa azime tivii.

Haya hayatokani na uvivu wa umma wala kuupenda mno Uingereza. Ukimwi lilikuja kukiwa na pengo. Ugonjwa ulikuwa mpya na watu walihitaji jina. Tarakilishi ilikuja ikakuta kiti kina mtu. Kompyuta lilikwisha kuingia, likavaa irabu ya mwisho, likakubali kompyuta hii na kompyuta hizi kama nomino nyingine yoyote ya ngeli yake, na likawekwa kamusini. Kuliondoa ni sawa na kumwondoa mzee kwenye pipa: aliyefanya hivyo anapaswa kueleza umma utapata nini ambacho haukuwa nacho.

Najua jibu la baadhi ya wenzangu. Watasema kwamba tukiufuata umma tutaishia kuandika mitihani kwa Sheng. Hofu hiyo haina msingi, na visa nilivyovitaja vinaonyesha kinyume chake. Umma ndio unaong'ang'ania ya zamani. Wakurugenzi na kamati ndio wenye hamu ya mapya. Sheng yenyewe hubadilika haraka kwa sababu wenyewe wanataka ibadilike, ili aliye nje asielewe. Kiswahili sanifu hakina haja ya kumfungia mtu nje.

Sipingi istilahi mpya, na sitaki tarakilishi ifutwe. Na ifundishwe, ielezwe jinsi ilivyoundwa, iachwe sokoni ishindane. Ninachokipinga ni kalamu nyekundu. Kampuni iliyobadilisha nembo haiwezi kumwadhibu mnunuzi kwa kuendelea kuipenda ile ya kale. Hupoteza mauzo ikajifunza. Sisi tunaye mnunuzi asiyeweza kuondoka dukani, kwa maana atakaa mtihani mwisho wa mwaka. Anapoandika katika insha yake kwamba kakake alimnunulia kompyuta, na mwalimu akalizungushia neno hilo duara na kumkata, mwalimu huyo aeleze ni kosa gani lililotendeka. La tahajia halipo. La sarufi halipo. Neno amelisikia kwa mamake, kwa fundi wa mtaani, na kwa karani wa benki. Mtoto huyo arudishiwe alama yake.