Shimo la mtumwa wa tatu

Mtumwa wa tatu katika Mathayo 25 huwa tunamwonea huruma bure. Talanta yake moja ilikuwa takriban denari 6,000, yaani ujira wa kibarua wa karibu miaka 20. Huyo si fukara. Alichokosa ni imani kwa bwana wake, ndiyo maana akachimba shimo akaificha talanta humo. Na mashimo tunayo hadi leo: kijana anakesha kanisani Ijumaa akiomba mtaji, huku fomu ya mkopo wa halmashauri usio na riba, ile asilimia 10 inayotengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, imekunjwa chini ya godoro. Kikundi cha kuuomba mkopo huo hakijasajiliwa, katiba yake haijaandikwa. Mchungaji, Ijumaa ijayo fupisha mahubiri kidogo, uwagawie vijana kalamu.