Jiko Ndani ya Hema

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza makosa ya watu wengine. Mwezi huu nataka kuwasimulieni kosa langu mwenyewe, wala sitalipamba. Siku hizi jamaa wengi wa pwani huwapeleka watoto bara wakati wa likizo wakaone milima na misitu, na jambo hilo ni zuri. Lakini sisi lilikaribia kututoa roho.

Ilikuwa Desemba 2023. Mvua za vuli mwaka ule zilikuwa nyingi kupita kiasi, na kila mtu alilijua hilo, nami nikalijua. Mke wangu aliniambia, “Baba, tungoje Januari au Februari, mlima ukauke.” Nikamjibu, “Sisi tumetawakali.” Abdallah bin Abbas amepokea kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija bila ya masurufu, wakisema wao ni watu wa kutawakali, kisha wakifika Makka huomba watu; ndipo ikateremka aya katika Suratul Baqara kuwaamrisha wachukue masurufu ya njiani. Habari hiyo nimewasomesha wanangu kwa ulimi wangu huu huu.

Tulikusudia kulala masiku mawili katika msitu wa Hifadhi ya Mlima Kenya, upande wa Naro Moru, pale paitwapo Met Station, kiasi cha mita 3,050 juu ya bahari. Kilele cha Batian, chenye mita 5,199, hatukuwa na haja nacho, na hapo ndipo tulipojidanganya. Tulidhani baridi ni ya huko juu kwenye barafu, na kwamba msitu ni msitu tu. Kumbe kila mtu apandapo mita 1,000, joto hupungua kiasi cha nyuzi 6. Aliyetoka Mombasa, ambako usiku wa Desemba ni kama nyuzi 24, na apige hesabu mwenyewe. Sisi tulikuwa watu sita, mimi na mke wangu na watoto wanne, na mzigo wetu ulikuwa kanga, mashuka, fulana za pamba na mablanketi mawili. Nguo ya pamba ikilowa hugandama mwilini ikaunyonya joto. Afadhali sufi, ambayo hata ikilowa haimtupi mtu kabisa.

Hema tuliliazima, na nyumbani hatukulikunjua hata mara moja. Tulilikunjua huko huko saa kumi na mbili jioni, mvua yanyesha, na tukaona turubai lake la juu halimo. Ilipofika saa moja lilikuwa giza totoro. Kuni zote zilikuwa mbichi kwa mvua, na kima walikwisha kutuibia ndizi. Tukabandika maharagwe juu ya jiko letu la makaa chini ya mti. Maji yakatokota upesi, lakini baada ya saa tatu maharagwe yalikuwa bado changarawe. Huko juu uzito wa hewa ni mdogo, basi maji huchemka kwa nyuzi 90 hivi badala ya 100. Yanatokota, ila moto wake hautoshi. Tukala tende na mkate.

Watoto walianza kutetemeka, na mdogo wao akawa halii tena, amenyamaza tu. Nikaliingiza jiko ndani ya hema, nikafunga mlango. Hapana aliyenipinga. Makaa yalikuwa mekundu, hayana moshi, na joto lake lilitufurahisha sote. Mke wangu akasema, “Baba, kichwa chaniuma.” Nikamwambia ni uchovu wa safari. Binti yangu mkubwa akasema moyo wamchafuka. Mimi mwenyewe nilisikia usingizi mtamu, mzito, ambao sijapata kuusikia mfano wake.

Mpagazi mmoja, mzee wa mlimani, aliuona mwanga ukipenya katika kitambaa. Alifungua hema bila ya hodi, akalishika jiko kwa koti lake akalitupa nje, kisha akawatoa watoto mmoja mmoja. “Mzee,” aliniambia, “hapa watu hulala hivyo, na asubuhi hawaamki.” Nilipojaribu kusimama, miguu ilikataa. Binti yangu alitapika majanini.

Ndugu msomaji, makaa yasiyo na moshi ndiyo yenye kuhadaa. Hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huing'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata damu ikawa haina nafasi ya kuchukua pumzi. Kichwa huuma, moyo huchafuka, kisha huja usingizi. Mlimani, ambako oksijeni ni haba tangu hapo, mambo huwa mabaya zaidi. Kufungua kidirisha hakutoshi. Na Mtume wetu (s.a.w.) alikwisha kutukataza kuacha moto ukiwaka majumbani tulalapo. Karne kumi na nne tunao ukatazo huo, nami nikaja kuujua kwa mpagazi.

Yule mzee alitupa nafasi katika kibanda cha wapagazi, na chai, na blanketi la sufi. Alikataa malipo mara mbili. Mara ya tatu nikamtilia mfukoni kwa nguvu.

Alfajiri maji ya ndoo yalikuwa yakiuma kama moto. Mwanangu wa kiume akauliza kama twaweza kutayamamu, akanitajia habari ya Amr bin al-As, aliyeamka na janaba katika usiku wa baridi kali, katika vita vya Dhatus-Salasil mwaka wa 8 Hijria, akachelea nafsi yake, akatayamamu na kuwasalisha wenziwe, na Mtume asimlaumu. Nilifurahi kuwa amehifadhi. Lakini nikamwambia, mwenye cha kuchemshia maji hana udhuru huo. Tukaliokota jiko letu majanini, tukalikoleza hapo nje, tukapasha maji ya kutawadha. Kibla kilitutatiza kidogo, kwani mawingu yalilifunika jua, mpaka tukakumbuka kwamba upande ule wa mlima njia hupanda kwenda mashariki. Tukauweka mlima mkono wa kulia, tukaelekea kaskazini, tukasali.

Usiku wa pili hatukuungoja. Mke wangu hakunilaumu kwa neno hata moja, na hilo lilinilemea kuliko kulaumiwa. Alifunga mizigo, akayamwaga maji ya maharagwe, na maharagwe yenyewe akayatia katika mkebe. Tulirudi nayo hadi Mombasa, akayabandika jioni ile ile tuliyofika, yakaiva kabla ya Isha.